UNATAKA WAPENZI WENGI? HAYA, NA YEYE AWE NAO WENGI

Leo sina picha za harusi wala habari ya nani kamuacha nani. Leo nina hoja, na najua kuna watu watanuna.

Ile staili mmeshaizoea. Staa wa kiume anakaa kwenye kiti cha mahojiano, miwani nyeusi usiku, mtangazaji anamuuliza kuhusu wazazi wenzake wawili ambao watoto wao wamepishana miezi mitatu. Jamaa anacheka, anajibu kwamba mwanaume wa Kiafrika ni wa wengi, ndivyo tulivyoumbwa. Studio nzima kicheko. Majina nayaacha, maana nikimtaja mmoja wengine watano watajiona wasafi.

Siku hizi limeongezeka kundi la pili. Hawa wamesoma soma mambo ya nje, wana jina la kisasa: poliamori. Maana yake mtu kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja, wote wanajuana na wote wamekubali, hakuna kufichana. Jina lenyewe halina umri mkubwa, lilianza kutumika Marekani miaka ya 1990 mwanzoni. Lakini limesafiri haraka. Mpaka huku kwetu Ikolo, kijiweni kwa bodaboda, utasikia mtu anasema, "Si unaona, hata wazungu wamekubali kwamba mtu mmoja hatoshi."

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka asipoteze bando lake. Sibishi kwamba binadamu anaweza kupenda wawili kwa wakati mmoja. Anaweza. Ninachobisha ni hii tabia ya kutumia neno "asili" na neno "utamaduni" kama kitambulisho cha kula bila kulipa. Mapenzi ya watu wengi yanaweza kwenda kwa masharti matatu: kila aliyemo anajua, kila aliyemo anaweza kusema hapana, na ruhusa ni ya pande zote. Hao wanaojisifu kwamba wana wengi, wengi wao hawana hata moja kati ya hayo matatu. Twende taratibu.

ASILI GANI HIYO?

Silaha yao ya kwanza ni wanyama. Utaambiwa jogoo mmoja, mitetea kumi. Utaambiwa simba, utaambiwa fahali. Sawa. Ila sisi tunakaa pembeni ya Ziwa Nyasa, tuna viumbe wetu, kwa nini tukaazime simba wa Serengeti? Tuwaangalie samaki.

Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki wa jamii moja na magege na mbuna, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wanaopenda mchanga, dume anachagua sehemu, anajenga kilima chake cha mchanga chini ya maji, anajipamba rangi, anaanza kuita majike. Jike akija, anataga mayai, kisha anayachukua yote mdomoni. Anakaa nayo mdomoni wiki mbili tatu hivi mpaka yanakuwa vifaranga, na muda wote huo hali au anakula kidogo sana. Anakonda. Dume yuko wapi? Yuko kwenye kilima chake cha mchanga anaita mwingine.

Kaka zangu mnasema, "Si umeona? Ndiyo asili hiyo!" Subirini, sijamaliza. Wataalamu walipopima vinasaba vya vifaranga wa baadhi ya samaki hawa, walikuta mdomo mmoja wa mama umebeba watoto wa baba zaidi ya mmoja. Maana yake jike naye alipita kwenye vilima kadhaa kabla ya kufunga mdomo.

Kwa hiyo kama asili ndiyo mwalimu wetu, somo lake lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unasema dume ana wengi. Ukurasa wa pili unasema jike naye ana wengi. Hawa ndugu zangu wa kijiweni wamechana ukurasa wa pili wakawashia sigara.

Halafu kuna jambo jingine. Wivu nao ni asili. Hasira ya mtu aliyedanganywa ni asili. Mtoto kumtaka baba yake jioni ni asili. Malaria ni asili kabisa, na bado kila usiku tunachomekea neti. Kitu kuwa cha asili hakijawahi kuwa sababu ya kukiacha kitutawale. Tukikubaliana kwamba binadamu ana tamaa ya wengi, tumegundua kitu gani? Kazi bado iko palepale: tunaishije na hiyo tamaa bila kumuumiza mtu ambaye hakuomba kuumizwa?

BABU HAKUWA NA MCHEPUKO

Silaha yao ya pili ni mababu. "Babu yangu alikuwa na wake wanne." Ni kweli, babu zetu wengi Unyakyusa walikuwa na wake kadhaa. Lakini hebu tuulize babu alikuwa anafanya nini hasa, maana kumtaja tu marehemu ni rahisi, hawezi kujibu.

Habari hizi zimeandikwa. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kinaitwa Good Company, kuhusu vile vijiji vya rika ambavyo wazee wetu bado wanavisimulia, vijana wa umri mmoja kujenga kijiji chao wenyewe. Ukisoma utaona kuoa kulikuwa mzigo mzito. Ng'ombe walitoka zizini kwako wakaenda kwa baba wa binti, watu wakaona. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na jembe la kulima hayo mashamba lilikuwa mikononi mwa mwanaume na vijana wake wa kiume. Ukiongeza mke, umeongeza shamba la kulima. Ukifa, ukoo ulibaki na wajibu kwa wajane na watoto. Ukoo mzima ulijua nani ni mke wa nani, na mtoto wa kila nyumba alijulikana.

Sasa linganisha na huyu wa leo. Nyumba ndogo yake iko Kyela mjini, amemwambia mkewe kwamba anaenda kuangalia mzigo Kasumulu. Hakuna ng'ombe aliyetoka, hakuna shangazi aliyeitwa, hakuna jembe lililoshikwa. Siku akipata ajali ya pikipiki, yule dada wa mjini atasikia msiba redioni au kwa jirani, na akija msibani atakaa nyuma kama mpita njia. Halafu huyuhuyu jamaa anasema anafuata utamaduni! Babu angemcheka. Babu angemuuliza, "Ng'ombe uliwapeleka wapi?"

Ila na mimi sitaki kumpamba babu, maana huo nao ni uongo. Mfumo ule ulikuwa na watu walioulipia kimyakimya. Fanya hesabu ndogo tu, hata ya darasa la tatu. Wavulana na wasichana wanazaliwa karibu idadi sawa. Mzee mmoja akiwa na wake wanne, kuna vijana watatu wamekaa wanasubiri. Na ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe walikuwa kwa wazee, kwa hiyo vijana wa Kinyakyusa walioa wamechelewa, huku mabinti wakiolewa wadogo sana, wengine kwa wanaume wa umri wa baba zao. Kijana ana nguvu, hana mke. Mke mdogo ana mume mzee. Mnadhani nini kilikuwa kinatokea? Kesi za ugoni zilikuwa haziishi, watu wanatozwa ng'ombe, na hofu ya mtoto wa kiume kuelewana na mke mdogo wa baba yake ilikuwa ni kitu kinachosemwa waziwazi.

Kisha mwaka 1891 wakaja wamisionari, Wamoravian kule Rungwe na Waluteri wa Berlin, wakaleta sharti la mke mmoja. Nao hawakumaliza tatizo. Mwanaume mwenye watatu akitaka ubatizo abaki na mmoja, na wale wawili je? Dhambi ni ya mume, anayefungasha mizigo ni mke. Kwa hiyo anayetaka kurudi kwa babu anirudie na jibu la hao waliolipa: vijana waliosubiri, mabinti walioozwa, na wake walioachwa ili bwana aokoke. Msinirudie na jibu la babu peke yake.

WANAUME WAWILI WA MOMBASA

Hapa sasa ndipo ninapowapima watu, na kipimo changu kiko Mombasa.

Agosti 2013 vyombo vya habari vya Kenya, kisha vya dunia nzima, viliripoti habari ya wanaume wawili waliotia saini mkataba wa kuishi na mwanamke mmoja. Majina yao yalitoka kila mahali, mimi siyarudii, wale ni watu binafsi na wana maisha yao. Kwa kifupi, wote wawili walikuwa na uhusiano na mama huyo, mjane mwenye watoto, kwa zaidi ya miaka minne. Walipogundua, waligombana. Mama alikataa kuchagua. Mwisho wakakaa chini na shahidi, wakaandika: watapeana zamu, watasaidiana kulea watoto, na ugomvi basi.

Mnakumbuka watu walivyowacheka? Afrika Mashariki nzima ilicheka. Waliitwa wamerogwa, waliitwa si wanaume, mama akaitwa majina ambayo siwezi kuyaandika humu. Wanasheria wakasema Kenya haitambui ndoa ya mke mmoja waume wawili, labda wathibitishe kwamba ni mila ya kwao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisemi wale ni mfano wa kuigwa, na sijui walifika wapi. Nasema hivi: kati ya wote wanaojisifu kwa poliamori, wale wawili na yule mama ndio waliotimiza masharti. Walijuana. Waliandika. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusema hapana akaondoka. Watoto waliwekwa kwenye mkataba. Yule staa wetu wa miwani nyeusi hajawahi kufanya hata robo ya hayo, lakini yeye anapigiwa makofi na wale walizomewa.

Kwa nini? Jibu linajulikana. Tunachokipigia makofi ni mwanaume kuwa na wengi. Siku mwanamke akifanya jambo hilohilo, tena kwa uwazi zaidi, asili inapotea ghafla, utamaduni unapotea, kinabaki kicheko. Kwa hiyo tuache kuiita asili. Tuiite jina lake: upendeleo.

Na Wakenya haohao, mwaka uliofuata, walitupa mfano mwingine. Kwenye muswada wao wa ndoa kulikuwa na kipengele kinachotaka mke wa kwanza akubali kabla mume hajaoa mwingine. Wabunge wanaume wakakiondoa. Wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Aprili 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini, ikawa sheria. Kilichoondolewa pale ni kitu kimoja tu, ridhaa ya mwenzako. Ndicho kitu pekee kinachotofautisha mapenzi ya wengi na ubabe.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Msidhani sisi Watanzania tuko mbali. Sheria yetu ya Ndoa ni ya 1971. Inaruhusu ndoa ya wake wengi, za kimila na za Kiislamu zinahesabiwa huko moja kwa moja. Lakini aliyefunga ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kuoa mwingine ndoa hiyo ikiwa hai. Na mwanamke aliyeolewa, kwa ndoa ya aina yoyote, haruhusiwi kuolewa na wa pili. Kwa hiyo poliamori ya usawa kwenye ndoa za nchi hii haipo kabisa kisheria. Tusidanganyane.

Lakini kuna vitu vizuri humo ambavyo wanaume wenye wengi hawavitaji. Kwanza, wake wote wana haki sawa na hadhi sawa, hakuna mke mkubwa wa sheria na mke mdogo wa sheria. Pili, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza, na moja ya sababu zinazokubalika ni kwamba kipato cha mume ni kidogo na kuongeza mke kutaleta dhiki kwa waliopo na watoto. Yaani sheria ya 1971 imeshauliza swali la babu: ng'ombe wako wapi?

Na nyumba ndogo je? Dada zangu, hapa ndipo mnatakiwa msome mara mbili. Mwanamke na mwanaume wakikaa pamoja miaka miwili na zaidi na jamii ikawaona kama mume na mke, sheria inaweza kudhania kuna ndoa. Wengi mnaishika hiyo kama ngao. Lakini kama bwana ana ndoa ya kanisani kule nyumbani, hiyo dhana inagonga ukuta, kwa sababu hana uwezo wa kuoa mwingine. Mtoto wako ana haki zake kwa baba yake, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda. Wewe mwenyewe, ile nyumba uliyopika matofali yake, siku ya kikao cha mirathi utaitwa nani? Anayekwambia "sisi wawili tunajielewa" muulize kama na ukoo wake unaelewa.

TUHESABU SASA

Tuache sheria, twende kwenye maisha. Wanaouliza kama mapenzi ya wengi yanawezekana zama hizi mara nyingi wanaongelea moyo. Mimi naongelea kalenda na mfuko.

Hapa kwetu maisha ni mpunga, kakao na ziwa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kyela tukaisikia hiyo hela. Pikipiki mpya, mabati mapya, na mapenzi mapya. Wanaume ambao miaka yote walikuwa na mke mmoja na jembe moja wakagundua ghafla kwamba wao ni wa wengi kwa asili. Mwaka 2025 bei ikashuka. Asili nayo ikashuka! Zunguka uone misingi ya nyumba za pili iliyoishia kwenye kozi ya tatu, majani yameota ndani.

Na kakao ile nani aliipalilia? Nani aliichachusha, nani aliianika, nani aliianua mvua ilipotaka kunyesha? Mke na watoto. Hela ikaingia kwenye simu ya baba. Kwa hiyo mke wa kwanza amefadhili mapenzi ambayo hakuyajua. Kama kuna mtu anaweza kuniambia hiyo ni poliamori, aje anieleze wizi ni nini.

Hesabu ya pili ni ya afya, na hii sifanyi utani. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Mkoa wetu wa Mbeya ni asilimia 9.6. Zaidi ya mara mbili. Majirani zetu wa Njombe ni 12.7. Tuko mpakani, tuna malori, tuna mialo ya wavuvi, tuna msimu wa hela. Mnaikumbuka ile kampeni ya kwamba mchepuko sio dili, tubaki njia kuu? Tuliigeuza utani. Sasa fikiria watu watatu walio wazi, wamepima wote, wanajua dawa nani anatumia na kinga wanatumiaje. Hao wana nafasi ya kujilinda. Halafu fikiria watu watatu ambapo mmoja tu ndiye anayejua kwamba wako watatu. Hao wawili wanajilinda na nini? Siri ndiyo inayoua hapa, kuliko idadi.

Hesabu ya tatu ni muda. Watoto wa nyumba mbili wanafunguliwa shule siku moja. Nyumba zote mbili zinavuna mpunga msimu mmoja. Homa haipigi hodi kwa zamu. Mwanaume anayeshindwa kuwa baba kamili kwenye nyumba moja, ukimpa ya pili atapata wapi nusu nyingine?

LAKINI WENZETU MBONA WANAWEZA?

Nitakuwa muungwana, upande wa pili nao una hoja. Mwaka 2020 mji wa Somerville, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ulipitisha utaratibu wa kutambua wenzi zaidi ya wawili wanaoishi pamoja. Kwa hiyo wapo watu wanaoishi hivyo, wanalea watoto, wanalipa kodi, hawagombani kuliko sisi. Siwezi kusema haiwezekani wakati kuna watu wanaiishi.

Na nyumbani pia kuna wazee wa wake wawili ambao nyumba zao zina amani, watoto wanaitana kaka na dada bila kutaja mama yupi. Mnawajua, nami nawajua. Waislamu nao wana sharti lao la kutozidi wanne na kuwatendea haki sawa, na wapo wanaojitahidi kweli kulitimiza.

Lakini angalieni hao wote wanafanana nini. Wako wazi. Wamejiandikisha mahali, iwe ni ofisini, msikitini au mbele ya ukoo. Mzigo unajulikana nani anaubeba. Na hao wa Somerville wana kitu cha ziada ambacho wapiga makofi wetu hawakitaki: utaratibu wao haumuulizi mtu jinsia. Mwanamke mwenye wenzi wawili ana hadhi ileile ya mwanaume mwenye wenzi wawili. Ukichukua neno la wazungu, lichukue na mizigo yake yote. Huwezi kuchukua jina "poliamori" kutoka Marekani, ukachukua wake wengi kutoka kwa babu, ukachukua siri kutoka kwa mchepuko, ukachanganya kwenye sufuria moja ukaita chakula.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenyewe. Ni asili? Tamaa ni asili, kwa wote, kike na kiume. Inawezekana? Kwa wachache, walio wazi, wenye uwezo, wenye usawa, inawezekana. Kwa hali tuliyonayo sasa, ambapo sheria inampa mmoja ruhusa na mwingine inamfungia mlango, ambapo hela ya shamba inaingia simu moja, na VVU ni asilimia 9.6, wengi wanaoitamka wanatafuta jina zuri la jambo baya.

Na kama wewe unabisha, unasema yako ni ya kweli, nina mtihani mdogo, hauhitaji ada. Leo jioni kaa na mwenzako. Mwambie yote. Jina la yule mwingine, tangu lini, na hela kiasi gani imeenda huko. Kisha mwambie: "Na wewe una ruhusa hiyohiyo, kuanzia leo." Halafu nyamaza usikilize moyo wako unavyodunda. Ukiweza kumaliza sentensi hiyo bila kukunja ngumi, tutakuja kukupongeza. Ukishindwa, basi wewe hukuwa unatafuta mapenzi ya wengi. Ulikuwa unataka watu wengi wakupende wewe.

Dada zangu na mama zangu, na ninyi mna la kwenu. Kuna wanaojua kwamba ni wa pili, wakakubali kwa ahadi. Sikuhukumu, njaa nayo ina sauti. Lakini ahadi ya chumbani haina shahidi. Mwambie akutambulishe mchana, kwa watu wake. Akisema "bado kidogo" mwaka wa tatu huu, hiyo ndiyo barua yake, isome.

Wazee wangu niliowagusa mnisamehe kwa umri wangu, ila hoja mnijibu kwa hoja. Na wewe msomaji, dondosha maoni hapo chini. Swali la leo ni moja tu, na wanaume ndio waanze: yule unayempenda akikuomba ruhusa ya kuwa na wa pili, kwa uwazi kabisa, na mkataba kama wa Mombasa, utasaini? Matusi nafuta. Majina ya watu nafuta. Hoja nzito naziacha zote, hata za kunipinga.